Mfalme Aliyesusa

Sura ya Nane

Kitu cha kwanza alichofanya Shihab bin Msellem alipoingia nyumba ya marehemu pale Sidab, Maskati, ni kupiga chafya. Cha pili, ni kupiga nyingine. Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kimewekwa nyuzi kumi na sita, na tangu maiti itolewe Ijumaa hakuna aliyethubutu kukizima, maana polisi walisema kisiguswe kitu, na watu wakiambiwa kisiguswe kitu hawagusi hata swichi. Leo ilikuwa Jumatano. Chumba kilifaa kuuzia aiskrimu.

"Marehemu akipenda baridi?" aliuliza.

Khawla binti Sleiman alisimama kizingitini, ncha ya shela puani. Alikuwa daktari wa meno, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, na alikuwa na tabia ya madaktari wa meno: akikuuliza swali, hangoji jibu.

"Baba? Baba alikaa Kopenhageni miaka kumi na miwili, ami Shihab. Akisema baridi yake ya umri mzima keshaimaliza kule. Hata mwezi wa saba akilala na feni, dirisha wazi."

"Basi AC kaiwasha nani?"

"Mwenyewe. Si kasusa? Mtu akisusa hufanya hata asilolipenda."

Shihab akaliandika neno hilo kwenye kidaftari chake. Alikuwa polisi miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuanza kuwapelelezea mawakili. Huko polisi alikuwa amevunjwa mbavu mbili na kunyimwa cheo mara tatu, na alichoambulia ni somo moja: neno ambalo watu hufungia nalo mazungumzo ndilo la kufungua.

Faili lenyewe lilikuwa fupi na limenyooka, naye hakupenda vitu vilivyonyooka kupita kiasi, isipokuwa barabara. Mzee Sleiman bin Nasser, mfasiri mstaafu na mwenye kiwanda cha chapa kule Wadi Kabir, alikutwa amekufa chumbani humu akiwa na miaka sabini na minane. Aliyemkuta ni Mutasim, mtoto wa dada yake. Mutasim alieleza kwamba Jumatano mjomba alikula nguru wa kupaka aliyepikwa na Benedikta, mpishi wa nyumba kubwa ya Ansab. Alhamisi akalalamika tumbo, akiwa nyuma ya mlango. Ijumaa, kabla ya sala, akamkuta keshakata roho. Daktari alichanganywa na baridi. Akaandika kwamba kifo kingeweza kuwa wakati wowote kati ya Jumatatu usiku na Alhamisi, na kwamba majibu ya maabara yangechukua wiki tatu.

Mwendesha mashtaka hakutaka kungoja wiki tatu. Kesho asubuhi angeamua kama Benedikta ashtakiwe kwa sumu. Na mtumishi mgeni akishashtakiwa kwa sumu, hata akija kuachiwa, jina lake limezikwa mara mbili: mara moja Maskati, mara ya pili kwao.

"Mimi nimekuita umpate huyo mpishi kwa ushahidi," alisema Khawla. "Hujaja kunukuu hali ya hewa."

"Hali ya hewa nayo ni shahidi, Bi Khawla. Haijui kusema uongo, ila haijui kuapa."

Mezani kulikuwa na mswada, kurasa mia mbili na kumi na mbili, mwandiko mdogo uliosimama wima kama askari wa gwaride. Juu ya kila ukurasa pana tarehe. Ndivyo alivyofanya kazi mzee Sleiman tangu ujana, siku isiyo na tarehe kwake haikuwa siku. Kitabu kilimhusu mfalme mmoja wa Denmark wa zamani, Erik, mzaliwa wa Pomerania. Shihab akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"'Alivishwa taji akiwa na miaka kumi na mitano, na bibi yake Margrethe, ambaye ndiye aliyekuwa mfalme hasa, ingawa hakuitwa hivyo. Falme tatu kichwa kimoja: Denmark, Norwei, Uswidi. Mtoto akatawala vizuri kwa sababu alitawaliwa. Bibi alipokufa ndipo tulipojua kanzu ilimpita urefu.'" Akainua macho. "Mzee alikuwa na ulimi."

"Ulimi ndio uliomponza."

"'Akapigana na mabwana wa Holstein miaka na miaka, kwa ardhi ambayo hakuipata. Akaziwekea merikebu ushuru kwenye mlango wa bahari. Wachimba madini wa Uswidi wakamwasi. Akataka binamu yake Bogislav amrithi. Wakubwa wa baraza wakasema hapana. Basi mfalme akapanda jahazi, akaenda kisiwa cha Gotland, akajifungia ngomeni, akangoja waje kumbembeleza. Hakuja mtu. Ilikuja barua. Mfalme mpya ni Kristofa, mtoto wa dada yake.'"

Shihab akavua miwani.

"Hapa anaandikwa mfalme gani?"

Kila mtu wa ukoo ule alijua jibu. Wiki saba nyuma walikaa kikao Ansab, watu saba, wakamvua mzee uongozi wa kiwanda na kumweka Mutasim. Sahihi saba zilitiwa, na ya Khawla ilikuwa ya pili. Mzee akachukua kalamu zake na dele lake la kahawa, akahamia nyumba hii yenye mndimu uani, akasusa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika maisha yake, na ukoo ulikuwa ushazoea: mwache, mpelekee chakula, ngoja. Ukisusa, wenzio twala, husema Waunguja, nao walikula. Ila fungu lake walimtengea. Mutasim mwenyewe ndiye aliyebeba hotipoti kila adhuhuri kutoka Ansab hadi Sidab na kuirudisha alasiri. Watu wakamsifu. Mpwa namna ile yuko wapi siku hizi?

"Ukurasa wa mwisho ni wa Jumapili," alisema Shihab. "Jumatatu hakuandika, na Jumanne hakuandika. Mutasim kasemaje?"

"Kasema kaisusia na kalamu."

"Na simu?" Simu ya mzee ilikutwa ndani ya mtoto wa meza. "Imezimwa tangu Jumatatu mchana."

"Kaisusia."

"Hapo sasa mnanichezea." Shihab akakaa kitini, magoti yakalia. "Bi Khawla, mimi nina mke. Anasusa tangu tumeoana, na ni fundi. Mtu anayesusa hazimi simu. Anaiacha ilie, apate raha ya kutoipokea. Akiizima atajuaje kama mnamtafuta?"

Khawla akageuka kutazama mndimu, akautazama kwa muda mrefu kuliko mti ule ulivyostahili.

* * *

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Bi Sabah, mjane mwenye paka.

"Shikamoo, Bi Sabah."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo yule polisi wa Msellem? Ee, umezeeka!"

"Nimestaafu, mama. Uzee ndio kazi yangu sasa."

"Na malipo yake nnayaona kichwani." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akakumbuka msiba, akajirekebisha kanga. "Sleiman, maskini. Mungu amrehemu. Lakini kama umekuja kwa mambo ya nyumba ile, basi kwanza nizimie AC yao. Bomba lake limetokeza kwangu. Tangu Jumanne ya wiki iliopita maji yananidondokea uani, ndoo na ndoo."

"Jumanne? Si Jumatano? Si Alhamisi?"

"Mie Jumanne nnafua. Nkaanika kanga, nkaingia ndani, nkatoka nkakuta zinaoshwa mara ya pili. Na Sleiman hajapata kuiwasha ile mashine tangu kuhamia. Sasa nnamwagilia mrehani kwa maji yake. Umenawiri, sisemi uongo."

Shihab akaandika. Jumanne asubuhi.

"Na yule mpwa wake umwambie kaniharibia paka."

"Kawafanya nini?"

"Kawalisha! Siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, anakuja na hotipoti, anazunguka nyuma ya gari, anawamwagia. Biriani. Mchuzi wa kuku. Jumatano nguru wa kupaka, vipande vizima, nazi yake nnainusa hapa mate yananitoka. Sasa nkiwapa vichwa vya samaki wananitazama kama nimewatukania mama zao."

"Nguru wa Jumatano walimla wote?"

"Hawakubakisha mwiba."

"Na wazima?"

"Wapo saba. Wahesabu."

Utaratibu ni utaratibu. Afisa mstaafu mwenye nishani moja ya kazi njema akainama uani, akahesabu paka. Walikuwa saba, wanene, mmoja mjamzito. Hapakuwa na hata mmoja aliyeonekana kupata kula sumu.

"Hukumwambia mtu, mama?"

"Nimwambie nani, nini? Nlidhani Sleiman kasusa chakula."

Shihab aliukanyaga mchanga wa Sidab hadi garini akipiga hesabu. Paka ni mashahidi wazuri, lakini hawatii sahihi. Mutasim angesema mjomba alikula kwanza, yaliyobaki ndiyo yaliyomwagwa. Ilitakiwa siku. Mtu wa kusema: mpaka hapa alikuwa hai, kutoka hapa hakuonekana.

* * *

Benedikta alihifadhiwa Wadi Kabir, chumba cha juu ya gereji ya matairi, kwa rafiki yake Belinda, Mkenya wa saluni. Belinda ndiye aliyefungua mlango, akamkagua Shihab kutoka kofia hadi kiatu.

"Wewe ndo ule mpelelezi? Kama umekuja kumchukua, ngoja amalize chai."

"Nimekuja kuuliza."

"Hata wale wa kwanza walisema hivo."

Benedikta aliinuka kwenye godoro. Alikuwa mwanamke wa Songea, mrefu, miaka thelathini na minane, mikono imechubuka kwa sabuni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, mama. Bi Khawla anasema ulifunga begi Jumanne, kabla mzee hajaonekana amekufa. Begi la kwenda wapi?"

Benedikta akalivuta begi kutoka mvunguni, akalifungua bila kuambiwa. Juu kabisa palikuwa na gauni jeupe la msichana, bado lina karatasi ya dukani.

"Likizo yangu ni tarehe ishirini. Mwanangu anapata kipaimara. Hili begi mimi hulifunga mwezi mzima, baba, kidogo kidogo. Leo soksi, kesho sabuni."

Shihab akalikunja gauni mwenyewe, akalirudisha. Njia ile ilikuwa imekufa, na alifurahi kuizika.

"Nieleze chakula."

"Kila siku nilipika saa nne, boss Mutasim akachukua saa tano na nusu. Saa kumi anarudisha chombo." Akalisukuma begi mvunguni. "Kusema kweli, baba, mimi nilijua tangu Jumatatu."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kuna kitu. Hotipoti ilirudi tupu."

Belinda akadakia, "Mwambie vizuri. Hawa wanaume hawaelewi vyombo."

"Chombo cha watu hakirudi kitupu," alisema Benedikta. "Kwetu hivyo, na kwa Mzee hivyo hivyo. Siku arobaini nimepokea ile hotipoti, na siku arobaini ilikuwa na kitu. Mara nyingi ndimu za pale uani. Siku nyingine mrehani wa jirani. Siku moja peremende mbili, alijua nafunga Kwaresima, anataka kunichokoza. Siku moja kikaratasi: 'Chumvi, binti, chumvi! Au imeadimika Songea?'" Akatabasamu, tabasamu likakatika. "Zile siku tatu za kwanza aligoma kula kabisa. Chakula kilirudi kama kilivyoenda, na juu ya wali ameweka ndimu mbili. Chakula alikisusa, baba. Chombo hakukisusia."

Shihab alikuwa ameacha kuandika.

"Jumapili?"

"Ndimu tano."

"Jumatatu?"

"Tupu. Imeoshwa. Jumanne tupu. Jumatano, Alhamisi, tupu."

"Ukamwambia nani?"

Benedikta akamtazama Belinda. Belinda akachukua simu iliyokuwa kwenye chaja, akaiweka mkononi mwa Shihab kwa nguvu, kama mtu anayelipiza. Sauti ilirekodiwa Jumatatu, saa kumi na dakika tano. *Madam, samahani kwa usumbufu. Hotipoti ya Mzee imerudi haina kitu ndani. Naomba mtu aende akamtazame.* Chini yake lilikuwa jibu la maandishi kutoka Salala, alikokuwa Khawla kwa mkutano wa madaktari: *Muache. Kasusa. Akichoka atarudi.*

Aliisikiliza mara mbili. Chini, gerejini, fundi alikuwa akipiga rimu kwa nyundo.

"Kwa nini hukuwaonyesha polisi?"

"Waliniuliza samaki, baba. Nikajibu samaki. Na Madam ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, pasipoti iko kwake, na amefiwa. Ningemwonyeshea kidole mtu aliyefiwa?"

"Ati heshima," alisema Belinda. "Yeye amesema umeua babake, wewe uko na heshima."

* * *

Kiwanda cha chapa kilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Shihab hakuenda peke yake. Alimpigia simu Luteni Atheer, afisa mwenye faili, ambaye zamani Shihab alimfundisha kazi na ambaye sasa alimwita "ustadh" alipotaka kumkera. Atheer alikuja na karatasi ya kampuni ya simu mkononi. Shihab alikuja na hotipoti.

Mutasim aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mezani pake palitandazwa kadi za arusi zenye dhahabu.

"Karibuni, ami Shihab. Kahawa?"

"Baadaye. Hii unaijua?"

"Hotipoti ya nyumbani."

"Umeibeba siku ngapi?"

"Arobaini na nne, mpaka Alhamisi."

"Mashaallah. Wapwa wa siku hizi hawabebi hata viatu vya mjomba." Shihab aliizungusha hotipoti juu ya kadi za watu. "Na alipokurudishia, ndani alikuwa akiweka nini?"

"Ndani ya nini?"

"Ya chombo."

Mutasim akacheka kidogo. "Hakuna, ami. Kimeoshwa, kitupu. Hotipoti iliyoliwa ina nini?"

"Siku ya mwisho?"

"Tupu."

"Na siku zote za kabla yake?"

"Hivyo hivyo. Siku zote."

Kalamu ya Atheer ilisimama. Nyanya yake alizaliwa Malindi ya Unguja, na Atheer mwenyewe alishapigwa kofi utotoni kwa kurudisha sahani ya jirani bila kitu. Akamtazama Shihab.

"Hata ndimu?" aliuliza Shihab.

"Ndimu za nini?"

"Mwanangu, hujafungua kifuniko hata siku moja?"

"Mimi mwanamume, ami. Napewa chombo, napeleka chombo. Mambo ya jikoni nitayajulia wapi?"

Hapo ndipo alipojinyonga, na kamba aliileta mwenyewe. Alilelewa na mashangazi wanne katika nyumba ambamo sahani zilitoka zimejaa na kurudi zimejaa maisha yake yote, naye hakupata kujiuliza anayezijaza ni nani. Angejua, gharama yake ilikuwa ndimu moja. Mti ulikuwa pale pale uani.

Shihab akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Jumapili mjomba wako kaandika ukurasa, katia ndimu tano. Jumatatu saa sita na dakika ishirini simu yake ikazimwa, na saa kumi chombo kikarudi kitupu. Jumanne asubuhi ikawashwa AC, chumbani kwa mtu asiyetaka baridi. Jumatatu mpaka Alhamisi paka saba wa Sidab wamekula biriani. Na Jumatano, siku unayosema alikula samaki, uliweka tarehe kwenye waraka wa kukuachia umiliki wa kiwanda. Bi Khawla alinipa nakala. Una alama ya dole gumba, hauna sahihi."

"Mkono ulikuwa unamtetemeka. Hakuweza kushika kalamu."

"Mtu aliyefasiri miaka arobaini, kaweka dole gumba." Shihab akatikisa kichwa. "Mkono wake haukutetemeka, Mutasim. Ulikuwa ushapoa."

Mashine ya chapa ilikuwa ikienda nyuma ya kioo, inatema kadi. Mutasim aliitazama kama vile ingemjibia. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu.

"Sikumgusa. Wallahi, ami, sikumgusa. Nilimpelekea waraka, akaupasua. Kisha akanisomea kile kitabu chake, usoni. Kaniita Kristofa. Nikachukua simu, nikachukua na ufunguo, nikafunga mlango. Nilitaka alale nalo usiku mmoja tu, afikiri."

"Hakukwambia kitu?"

Mutasim akazinyoosha kadi za arusi mezani.

"Mutasim. Hakukwambia kitu?"

"Alisema kifua kinambana."

"Na wewe ukadhani…"

Hakuna aliyelimalizia neno lile. Lilikuwa limeshatumika sana wiki ile.

"Jumanne nilimkuta karibu na mlango," alisema Mutasim. "Nikamrudisha kitandani. Basi. Hayo mengine yalikuja yenyewe."

"Na Benedikta? Alikuja mwenyewe?"

"Khawla alipiga kelele daktari aitwe. Alitaka kujua nani, nani. Ilibidi awe mtu."

Shihab akatoa mfukoni ukurasa wa Jumapili, nakala, akauweka juu ya kadi za arusi. "Ukurasa wa mwisho alioandika. Hukuusoma huu?"

Mutasim hakuushika. Basi Shihab akamsomea. Mfalme mzee alikaa katika ngome yake ya Gotland, akawa anapora merikebu za watu apate kula. Wenye mali wakaenda kumlalamikia mfalme mpya. Inasemekana Kristofa aliwajibu: *Mjomba naye lazima ale.*

"Alimnyang'anya falme tatu," alisema Shihab, "lakini sahani yake hakuigusa. Mzee alipoandika hivi nadhani alikuwa anakusifu wewe, kwa ile hotipoti. Kesho yake ukawapa paka chakula chake."

Atheer akasimama, akafunga daftari. Hakutumia pingu. Alimwambia avae kofia yake, na Mutasim akavaa, akaiweka sawa mbele ya kioo cha mashine, kwa mazoea.

* * *

Alhamisi asubuhi mwendesha mashtaka alilifuta jina la Benedikta, na mchana Khawla alipika. Hakuwa amepika kwa miaka. Alipika nguru wa kupaka, akamwomba Shihab ampeleke Wadi Kabir, kwa sababu, alisema, mikono haimtulii kwenye usukani. Pasipoti aliitia kwenye bahasha pamoja na tiketi. Hotipoti aliipakata.

Walipita madaraja mawili kabla Shihab hajamkabidhi karatasi ya kampuni ya simu.

"Jumatatu. Saa tano na dakika hamsini na mbili. Tano na hamsini na nane. Sita na nne. Baba yako alikupigia mara tatu."

"Nilikuwa mkutanoni."

"Mara zote tatu?"

Khawla alikikandamiza kifuniko kwa viganja viwili. "Nlitaka na yeye aonje," alisema. "Kila akisusa ni sisi tunaopiga, yeye hapokei. Nikasema leo na alie yeye."

"Na sauti ya Benedikta?"

"Usinambie, ami. Najua. Tangu Ijumaa najua." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Shihab alikaribia kuikosa kwa honi za mabasi: "Ndo maana nlitaka muuaji awe yeye."

Shihab hakuandika.

Belinda aliwafungulia, safari hii hakusema kitu, jambo ambalo kwa Belinda lilikuwa tusi. Benedikta alipokea hotipoti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kwao. "Ahsante, Madam. Pole na msiba."

"Benedikta, mimi…"

"Kaa, Madam. Nikurudishie chombo."

Khawla alikaa ukingoni mwa godoro. Walimsikia Benedikta upande wa pili wa pazia akihamisha chakula, maji ya bomba yakifunguliwa, sponji ikizunguka, taratibu, bila haraka. Alikaa huko muda mrefu. Dirishani, juu ya sinki, palikuwa na kikapu cha ndimu. Shihab alikiona pazia lilipopepea. Kisha Benedikta akarudi, akamkabidhi hotipoti, kifuniko kimefungwa, na bahasha akaitia begini juu ya gauni jeupe.

"Safari njema," alisema Khawla.

"Ahsante, Madam."

Garini, Shihab aliwasha injini lakini hakuondoka. Khawla aliipima hotipoti mkononi, akainua, akashusha. Hakuhitaji kufungua. Hata hivyo alifungua.

Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa kwa kitambaa, inang'aa mpaka chini.